Pindo la Kanga ya Bi Mboni

"Panya hana mkasi, Nihal! Panya hutafuna. Hapa pamekatwa, na pamekatwa pakanyooka!"

Bi Mboni alisimama katikati ya ua. Aliinyoosha kanga yake nyekundu ili kila mwenye macho aione. Pembe moja ya pindo haikuwapo. Palibaki nafasi ya mraba, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Labda imenasa kwenye msumari," Nihal alijibu. Alikuwa mlangoni kwake, mwanawe Muhanad kamng'ang'ania shingoni. "Kamba yetu ina misumari."

"Na msumari nao una mkasi?"

Ua ule ulikuwa wa nyumba mbili, hapo Chumbageni, Tanga mjini. Upande huu aliishi Nihal na mumewe Uweso. Upande wa pili aliishi Bi Mboni, mjane, mtu mzima, mzaliwa wa Moa, kijiji cha pwani. Katikati palikuwa na kamba moja ya kuanikia nguo. Wakigombana wawili hapo, mtaa mzima hupata habari kabla chai haijapoa. Na kweli, dirisha la nyumba ya nyuma lilikuwa limeshafunguka. Asmahani, jirani wa nyumba hiyo, alikuwa ameegemeza viwiko dirishani, kama mtu anayengoja harusi ipite.

Nihal aliyasikia maneno kana kwamba yanatoka chini ya maji. Ilikuwa wiki ya tatu hajalala usingizi ukamtosha. Nguo kambani zilijaa upepo, zikatuna, zikanywea. Kwa macho yake ya usingizi zilikuwa kama wanawake wanaopita bila kugusa chini.

Mara Bi Mboni akakiona chetezo cha kufukizia kilichokuwa karibu na mlango wa Nihal. Akainama. Katika majivu akaokota uzi mwekundu ambao haukuungua wote.

"Ubani," alisema polepole, akinusa vidole vyake. "Chumvi. Pilipili. Na uzi wangu mimi."

Hakuna mwanamke wa mwambao asiyeijua maana yake. Mtoto akidhaniwa amepigwa jicho, wako watu wanaokata kipande cha nguo ya yule wanayemshuku. Kipande hicho huchomwa pamoja na ubani, mtoto akafukizwa. Na anayeshukiwa haambiwi.

"Doti hii ulinipa wewe," Bi Mboni alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Siku ile ulipotoka arubaini. Siku arubaini nilikukanda kwa maji ya moto. Nilimwogesha mwanao kabla hajakaza shingo. Leo umenichoma kwenye chetezo, Nihal."

"Bi Mboni..."

"Basi. Nimesikia."

Akaikunja kanga yake vizuri, pembe kwa pembe, hata ile pembe isiyokuwapo. Akaingia ndani. Komeo likalia. Kule nyuma, dirisha la Asmahani nalo likajifunga taratibu.

*

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo.

Nihal alikuwa fundi wa hina na piko. Maharusi wa Chumbageni walimjua, na wa mitaa ya jirani. Nyumba yake haikuwahi kuwa tupu. Huyu ananyoosha mkono, yule anasubiri zamu, mwingine kaja kupiga soga tu. Mtu mwenye hina mikononi hawezi kubeba mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Mboni alikuja kumchukua Muhanad.

"Nipe mtungi wangu," alikuwa akisema.

Muhanad alimrukia. Wakati huo alimrukia kila mtu. Alicheka na maharusi, akacheka na muuza samaki, akacheka na paka. Alijua kupiga makofi. Usiku alilala, akaamka mara moja tu kunyonya.

Alipotimiza miezi minane, mambo yakageuka. Ilikuwa kama mtoto amebadilishwa. Bi Mboni alinyoosha mikono kama kawaida, naye Muhanad akampigia ukelele. Akajificha kifuani kwa mama yake. Siku ya pili vivyo hivyo. Nihal akienda msalani, mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Makofi aliacha kabisa. Usiku alianza kuamka mara nne, mara tano. Nihal alitembea mchana akiwa kama ndotoni. Siku moja alimchora bi harusi ua lilelile mara mbili kwenye mkono mmoja.

"Nani kamsifia mtoto?" Asmahani aliuliza siku hiyo. Alikuja kuazima kinu, akasahau kinu.

"Hakuna."

"Fikiri vizuri. Mtoto habadiliki hivi hivi."

Nihal akafikiri. Akakumbuka. Bi Mboni alikuwa amemnyanyua Muhanad juu akasema, "Huyu mtoto mnene kama mtungi!" Je, alisema mashaallah? Nihal hakukumbuka kuisikia.

"Ahaa!" Asmahani akapiga paja. "Na akimwona nani analia zaidi?"

"Bi Mboni."

"Mtoto hasemi, lakini anakuonyesha. Kanga yake si iko kambani? Kata kidogo tu. Hata hatajua."

Uchovu ni mshauri mbaya. Nihal alikata. Alifunga mlango na madirisha, akamfukiza mwanawe. Moshi ulijaa chumba. Muhanad alikohoa mpaka akatapika maziwa. Usiku huo hakulala hata kidogo.

"Basi jicho limeingia ndani sana," alisema Asmahani. "Yuko mganga mmoja upande wa Maramba. Anamchanja mtoto chale kifuani, anampa na dawa ya kunywa. Nendeni Ijumaa."

*

Jioni ile ya ugomvi, Uweso alirudi kutoka karakana ya kuchomelea mageti. Alikuta mkewe analia, mtoto naye analia. Alikaa kati yao, mikono bado inanuka chuma. Akasikiliza habari yote.

"Ijumaa tunakwenda Maramba," Nihal alisema.

"Na kesho je? Kesho si siku ya kliniki?"

"Kliniki watapima uzito tu."

"Wapime. Mzani hausengenyi mtu." Uweso akamchukua mwanawe, akapigiwa kelele, akamrudisha. "Unaona? Hata mimi kanikataa. Tuanze na mzani, mama Muhanad. Maramba haihami."

Asubuhi wakaenda wote watatu. Zahanati ilijaa mama na watoto. Nihal aliketi kwenye benchi, mgongo ukutani, vilio vya watoto vikimpita kama mawimbi. Akasinzia. Aliota kanga nyekundu ina mdomo, inamuuliza kitu, naye hawezi kujibu.

"Muhanad Uweso!"

Nesi aliyekuwa kwenye mzani aliitwa Hosea. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye nguo nyeupe na kalamu tatu mfukoni. Alipomkaribia tu, Muhanad akaangua kilio.

"Vizuri sana!" alisema Hosea. "Hongera, bwana mkubwa."

Nihal akamtazama. "Unampongeza kwa kulia?"

"Ngoja kwanza tumpime. Halafu nitakueleza."

Mzani ulionyesha kilo nane na gramu mia nne. Hosea akaweka alama kwenye kadi. Mstari ulikuwa unapanda, mwezi kwa mwezi. Akampima homa, hana. Akaangalia masikio, kinywa na ngozi. Akauliza anaharisha, anatapika, ananyonya, anakula uji.

"Ananyonya," Nihal alijibu. "Uji anaula akiwa mapajani kwangu tu. Alitapika mara moja, nilipo... nilipomfukiza."

Aliona haya, lakini akasema yote. Kanga, mkasi, chetezo, na safari ya Ijumaa. Uweso alitazama viatu vyake. Hosea hakucheka wala hakugomba.

"Mama, mtoto wako si mgonjwa," alisema. "Mtoto wako anakua. Nipe kijiko hicho."

Nihal alikuwa na kijiko cha uji kwenye mfuko. Hosea akakaa mbali kidogo, asimtazame mtoto usoni. Akakigonga kijiko mezani. Muhanad akaacha kulia, akatazama. Hosea akakifunika kijiko kwa kitambaa. Muhanad akakodoa macho. Kisha akainama kutoka mapajani kwa mama yake, akanyoosha mkono, akakivuta kitambaa. Kijiko kile pale!

"Umeona?" Hosea alitabasamu. "Miezi miwili iliyopita ningekifunika, angesahau kama kimewahi kuwapo. Sasa anajua kwamba kitu kikifichwa bado kipo. Na wewe je? Ukienda msalani, zamani ulikuwa umepotea, basi. Sasa anajua upo mahali, lakini haupo naye. Hajui kama utarudi. Ndiyo maana analia."

"Na Bi Mboni? Alimpenda sana."

"Zamani mikono yote ilikuwa mikono tu. Sasa anatofautisha. Anajua huyu ni mama, na yule si mama. Hakumkataa Bi Mboni kwa sababu ya macho ya Bi Mboni. Kamkataa kwa sababu sasa anakujua wewe."

Maneno yalizama ndani ya Nihal polepole, kama hina inavyoingia kwenye ngozi.

"Nikuulize," Hosea akaendelea. "Nani mwingine akimkaribia analia?"

"Mimi baba yake," alisema Uweso. "Na babu yake, baba yangu."

"Babu anafanya kazi gani?"

"Anafundisha madrasa."

"Naye ana jicho?"

Uweso akaangua kicheko. Hata Nihal midomo ikamchezacheza. Mama mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni akasema, "Loo, wa kwangu analia akimwona bibi yake mzaa mama! Na mimi nilikuwa nimeanza kumwangalia mama yangu kwa jicho la pembeni."

"Sikilizeni nyote basi," alisema Hosea, akapaza sauti. "Mtoto hapandi ngazi moja kwa moja. Kuna wakati anarudi nyuma. Aliyelala anaacha kulala. Aliyecheka na watu anawakimbia. Aliyepiga makofi anaacha makofi. Ni kwa sababu akili yake imeshika kazi nyingine mpya, kubwa zaidi. Hawezi kuzifanya zote kwa pamoja. Hali hii inaweza kuchukua siku chache, au wiki kadhaa. Wengine huzidi hapo. Kisha hupita, na mtoto hutoka na jambo jipya. Baadaye huenda ikarudi tena, akijifunza kutembea au kusema. Msishtuke."

"Nifanye nini sasa?" Nihal aliuliza.

"Mbebe. Mnyonyeshe. Kumbeba sana sasa hakumharibu. Ukiondoka usimtoroke. Muage, sema unarudi, halafu urudi kweli. Usiku uwe na utaratibu uleule: maji, ziwa, wimbo, kulala. Chezeni mchezo wa kujificha. Na watu wasimnyakue. Wakae karibu, wamwache aje mwenyewe."

"Na moshi?"

"Moshi unaumiza kifua cha mtoto. Chale zinaleta vidonda na magonjwa. Dawa usiyoijua inaweza kumdhuru ini. Hayo acha. Kusema mashaallah endeleeni, ni adabu njema. Lakini kumchoma jirani si adabu." Akamrudishia kadi. "Ila ukiona homa, kuharisha, degedege, mtoto amelegea, anakataa ziwa, au mstari huu unashuka, njoo siku hiyohiyo. Na kama jambo alilolijua limepotea na wiki zinapita halirudi, njoo pia tumwangalie. Hapo usingoje."

*

Safari ya Maramba ikafa. Lakini Nihal alikuwa na safari nyingine ngumu zaidi, ya hatua kumi na mbili, kutoka mlango wake mpaka mlango wa Bi Mboni.

Alikwenda siku hiyohiyo, Muhanad mbelekoni.

"Hodi. Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba." Mlango ulifunguka kidogo. Bi Mboni alikuwa amejitanda kanga mpaka machoni.

"Nimekuja kuomba radhi. Nimekukosea. Mtoto hana kitu, nesi kasema..." Akaeleza yote, kuanzia kijiko mpaka babu wa madrasa.

Bi Mboni alisikiliza, uso ameuelekeza ukutani.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini usimlete."

"Kwa nini?"

"Nimekaa nimefikiri. Mimi watoto wote wa mtaa huu nimewapakata. Wangapi waliugua? Sikuhesabu. Labda ni kweli. Mtu anaona macho ya wenzake, ya kwake hayaoni. Nitajuaje mimi?"

Hapo ndipo Nihal alipoona alichokikata. Halikuwa pindo la kanga. Mwanamke huyu, aliyekuwa mama wa ua mzima, sasa alikuwa anayaogopa macho yake mwenyewe.

Alirudi uani. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, kama kawaida.

"Asmahani!" Nihal aliita kwa sauti ya mtaa mzima. "Nimetoka kliniki! Mtoto hana jicho, hajawahi kuwa na jicho. Anakua tu. Aliyekosea ni mimi. Na wewe ulinisaidia kukosea. Tangaza na hilo, maana mdomo unao!"

Asmahani alilishika dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, alilifunga kabla ugomvi haujaisha.

*

Tangu siku ile Nihal alihamishia kazi yake nje. Alitandika mkeka barazani kwa Bi Mboni, bila kuuliza. Wateja wakaja na soga zao. Muhanad alikaa mapajani au pembeni, akiishika kanga ya mama yake. Nihal akitaka kuinuka alimwambia, "Mama anakwenda kuchukua maji. Anarudi." Mtoto alilia. Mama akarudi. Kesho yake vivyo hivyo. Siku zikapita, kilio kikawa kifupi.

Uweso naye alijifunza. Alirudi kazini, akaketi mkekani bila kumnyakua mwanawe. Alimpigia kijiko kwenye sahani. Siku ya tano Muhanad alimtambalia mwenyewe.

Bi Mboni alikuwa anakaa mlangoni kwake, ndani ya kivuli, akichambua mchele. Alijitanda uso daima. Wateja wakimsalimia, aliitikia akiangalia ungo.

"Mimi nakwambia, Bi Mboni," Nihal alisema siku moja, akichora. "Nesi yule ni wa bara, lakini alisema kweli. Mtoto anarudi nyuma apate kwenda mbele."

Punje za mchele zikaruka kwenye ungo. Kisha sauti ikatoka chini ya kanga.

"Kule kwetu Moa, kaa wa mikokoni akivua gamba huwa laini kama ute. Hujichimbia matopeni. Anaogopa kila kitu, hata kivuli. Ukimwona utasema anakufa." Akapepeta kidogo. "Kumbe anaota gamba kubwa."

"Ndiyo hivyo hivyo!"

"Na Sabiri wangu, kifungua mimba, alikuwa hivyo. Nikienda kisimani analia, ua mzima unasikia. Nilikuwa nimesahau. Miaka arubaini."

Hakusema zaidi. Lakini siku ile aliusogeza ungo wake mbele kidogo, kwenye mwanga.

Ilikuwa wiki ya nne tangu kliniki, mchana wa jua jeupe. Upepo wa pwani ulikuwa mwembamba na mtaa ulisinzia. Nihal alikuwa akimalizia mkono wa mteja. Harufu ya hina, harufu ya nazi inayochemka, sauti ya adhana ya mbali, vyote vilichanganyika kama usingizi wa mtu aliyeshiba. Maana sasa usiku Muhanad alilala tena, na mama yake alilala.

Hakumwona mtoto alipoondoka mkekani. Alipogeuka, Muhanad alikuwa ameshafika kwa Bi Mboni. Alishika goti la bibi yule, akajivuta, akasimama. Kusimama! Hakuwahi kusimama kabla ya siku ile.

Bi Mboni aliganda. Haraka akaivuta kanga, akajifunika uso wote. "Mchukue, Nihal. Mchukue, naogopa."

Nihal aliinuka nusu, mikono imejaa hina. Akajizuia.

Ile ilikuwa kanga nyekundu. Mahali palipokatwa palikuwa juu ya shavu la Bi Mboni, na ndani ya nafasi ile lilionekana jicho moja, limejaa machozi. Muhanad akaliona. Akainamisha kichwa, akachungulia. Kisha akashika kanga kwa mikono miwili, akaivuta chini.

Uso wa Bi Mboni ule pale.

Mtoto akacheka. Kicheko cha tumboni, kile cha zamani. Akaishika kanga tena, akampandishia bibi usoni, akamngojea. Mara sauti ikatoka chini ya kanga, ndogo, kama ya msichana katika mchezo wa kujificha:

"Kibe!"

Akaifunua mwenyewe. Muhanad akaachia goti ili apige makofi, akaangukia makalio, akapiga makofi hapohapo sakafuni.

"Mtungi wangu," Bi Mboni alisema. Alimtazama sana, kwa macho yote mawili, kama mtu aliyekuwa na njaa ya kutazama. "Mashaallah. Mashaallah, mtungi wangu."

Nihal alilia bila kuweza kujipangusa, kwa ajili ya hina. Mteja wake ndiye aliyempangusa.

"Kanawe mikono," Bi Mboni alimwambia, akimbeba Muhanad begani. "Bada la muhogo liko tayari, na samaki wa nazi. Ingieni wote. Na mtu atumwe akamwite Uweso."

"Harufu inafika mpaka huku kwangu," ilisema sauti.

Ilikuwa ya Asmahani. Alikuwa dirishani, lakini leo viwiko havikuwa vimeegemea. Alisimama nusu, nusu amejificha nyuma ya pazia.

Bi Mboni aliliangalia dirisha lile kwa muda mrefu. Muhanad naye aliliangalia, kisha akauficha uso shingoni mwa bibi.

"Huyu bado anakuogopa," alisema Bi Mboni. "Ukija usimnyakue. Kaa karibu, atakujia mwenyewe." Akasukuma mlango kwa mguu, ukafunguka wote. "Haya, zunguka, Asmahani. Ingia ule."